Watani Walipoanza Kutuheshimu

Ukoo wetu una hasira, na sisemi hivyo kwa kuinamisha kichwa. Kuanzia kule Haneti nilikozaliwa mpaka huku Mkonze, pembeni mwa mji, nilikojenga, ukitaja jina letu mbele ya watu wazima wanaotujua, lazima mmoja atacheka na kusema, "Aah, wale!" Babu yangu aliwahi kushuka kwenye lori lililombeba yeye na mbuzi wake kwenda mjini, kwa sababu utingo alimwambia asogee. Hakusogea. Alishuka, akatembea kwa miguu, mbuzi wakatangulia mjini bila yeye na wakamsubiri. Shangazi yangu mkubwa alirudisha chungu cha mlenda kwa jirani kikiwa bado cha moto, kwa kuwa jirani alikileta huku akidokeza kwamba mlenda wa kwetu siku ile haukuvutika. Na baba yangu mzazi aling'oa zizi lake lote la ng'ombe, mti mmoja baada ya mwingine, baada ya mpita njia kumwambia limepinda. Akalijenga upya, likanyooka kweli, na halijaanguka mpaka leo.

Hatukulelewa kuona haya juu ya mambo hayo. Tulisimuliwa tukiwa tunapukuchua karanga, tukacheka mpaka tukakohoa, tukajiona watoto wa watu. Kwamba jirani yule wa mlenda hakukanyaga tena nyumbani kwa shangazi mpaka akazikwa, hiyo ni sehemu ya hadithi ambayo ilisemwa harakaharaka mwishoni, na mtu akadakia nyingine.

Lakini kulikuwa na watu wa aina moja ambao mbele yao hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeruhusiwa kukasirika, hata babu. Hao ni watani wetu. Ni ukoo mwingine wa Kigogo kama sisi, wanaokaa ng'ambo ya korongo, mahali ambapo ukisimama nyuma ya zizi letu unaona moshi wa jiko lao. Utani wetu hatukuuchagua, tuliukuta. Mtani wako anaweza kuingia jikoni kwako bila hodi, akafunua sufuria, akala, kisha akatoka akiwatangazia watu kwamba umemlisha makapi. Anaweza kukamata kuku wako. Anaweza kumwambia mgeni wako wa heshima kwamba ulikojoa kitandani mpaka ulipooa. Na wewe unaruhusiwa kumfanyia hivyo hivyo au zaidi, ukipata akili ya kumzidi. Kitu kimoja tu hukiruhusiwi: kununa.

Kwenye msiba ndipo watani wanapofanya kazi yao kubwa. Kwetu sisi, mtani ndiye anayechimba kaburi na ndiye anayewasha moto wa matanga pale uani na kuuchochea. Ndiye pia anayehakikisha kwamba wafiwa wanacheka, wapende wasipende, wasije wakafa na wao kwa majonzi. Siku ya kumaliza matanga, mtani anafagia majivu ya ule moto na kwenda kuyamwaga mbali, naye mjane anainuka kwenye mkeka na kurudi kwenye shughuli zake. Majivu hayo mwenye msiba hayagusi. Sisi ni Wakristo, kanisani tunakwenda na kwaya tunaimba, na hilo la majivu hatujawahi kuona kama linamkosea Mungu.

Baba alifariki mwaka juzi, wakati wa kiangazi, upepo ukiwa umeanza kuleta vumbi lile jekundu. Alikuwa ameugua kwa muda, tukimleta hospitali mjini na kumrudisha, mpaka mwenyewe akasema nirudisheni nyumbani na msinitoe tena. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Niliomba ruhusa, nikawa naye. Kaka yangu, ambaye ni mkubwa wangu na ni afisa serikalini, alikuwa amesafiri kikazi mkoa mwingine. Kila siku alipiga simu akisema kesho. Kesho ile ilipofika baba alikuwa ameshafariki, na kaka akaingia kijijini siku ya mazishi, jeneza limeshapigiliwa misumari.

Ninataka kueleza vizuri alichokikuta, kwa sababu watu wa mjini nikiwasimulia huwa wanamlaumu upesi, na wengine wanawalaumu watani.

Alipofungua mlango wa gari, watu walikuwa wanacheka. Turubai limefungwa, wanawake wako kwenye masufuria, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, na wote wanacheka mpaka machozi, mama yangu akiwamo. Katikati ya uwanja alikuwapo mtani wetu mmoja, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti iliyokwaruza. Huyo katika ukoo wao ndiye fundi wa utani. Alikuwa amevaa koti la baba, lile la kahawia alilolivaa kila mnada, na kofia yake, na ameshika fimbo yake. Anatembea kama baba, mguu mmoja ukiburuzwa kidogo, akikohoa kikohozi chake, na anafoka kwa sauti yake: "Nani amesema zizi langu limepinda? Ajitokeze! Hata hilo kaburi mnalochimba limepinda! Silali humo!"

Kaka alikuja mbio. Mimi nilimwona, nikafikiri anakuja kumkumbatia mama. Alimkamata mtani yule kwenye ukosi wa koti akalivuta, mshono wa bega ukafumuka, naye akamsukuma mpaka akaangukia kwenye rundo la kuni. Kisha akamtukana. Alimwita mbwa mbele ya watu wote, akamwambia atoke kwao na ukoo wake wote wenye njaa. Alisema mengine ambayo sitayaandika, kwa kuwa sasa tuna mengine ya kujivunia.

Baadaye sana aliniambia kwamba aliposhuka kwenye gari, kwa kitambo kidogo, alimwona baba. Alimwona amesimama kwa koti lake na kofia yake, anafoka. Akasema moyoni, walinidanganya, hajafa. Halafu yule mtu akageuka.

 Sisi wote tulikuwa tunamtazama mtani, tukimwomba kimoyomoyo aseme kitu, atutukane, amwambie kaka amenenepa kwa kula kwenye mahoteli. Angesema lolote la namna hiyo yangekwisha. Aliinuka taratibu, akavua koti, akalikunja na mshono wake uliofumuka, akaliweka juu ya kiti pamoja na kofia. Fimbo akaiegemeza. Kisha akamwambia kaka kwa sauti ya upole, "Pole sana, mwanangu. Samahani kama nimekukwaza." Akaondoka. Watani wote wakaondoka nyuma yake, na wale waliokuwa kaburini wakaweka majembe chini, wakapanda kutoka shimoni na kwenda zao. Vijana wa kwaya ndio waliomalizia kuchimba.

Baba tulimzika, na mchungaji alihubiri vizuri. Lakini hakuna aliyecheka tena mpaka wageni walipotawanyika, na moto wa matanga ulizimika wenyewe pale uani bila mtu wa kuuchochea.

Kama ulikuwa hujui hasira inaleta nini, ngoja nikwambie ilichotuletea sisi. Ilituletea adabu. Watani wakaanza kutuheshimu.

Mwanzo hatukuelewa. Nilirudi kijijini mwezi uliofuata kumtazama mama, nikapita mnadani kumnunulia chumvi na sabuni. Nikamkuta mtani wetu, yule yule, amepanga karanga zake kwenye mafungu. Tangu nikiwa mdogo huyu mama akiniona huanza kwa Kigogo, kwa sauti ya mnada mzima kusikia, kuuliza kama bado sijapata mwanaume asiye kipofu. Siku ile alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akanisalimia kwa Kiswahili. "Habari za mjini, mwalimu? Poleni sana na msiba. Mama anaendeleaje?" Akaniongezea karanga kwenye fungu. Nilijibu nzuri, nikashukuru, nikaondoka na karanga zangu. Nilipofika nyuma ya malori nikaegemea tairi nikalia, jambo ambalo sikulifanya siku ya mazishi.

Ilikuwa hivyo kwa kila mmoja wetu. Mjomba alikwenda kwao kuchukua kuku kama ilivyo haki yake, wakamkamatia wao wenyewe, wakamfunga miguu, wakamkabidhi na kumtakia safari njema. Alimwachilia yule kuku njiani. Mdogo wake baba alipita mbele ya kilabu chao cha pombe, watani wakasimama wakampa shikamoo, wengine wana umri wake. Mtu anayekutukana anakujua, anajua unakoumia na unakotekenyeka. Hawa walikuwa wanatusalimia kama vile sisi ni watu tuliokuja na gari la serikali kugawa vyandarua.

Na mama akakaa. Hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mama alikaa kwenye mkeka wake mbele ya mlango, kanga nyeusi kichwani, majivu ya matanga yako pale uani mbele yake, na akasema hainuki mpaka yafagiliwe na wanaostahili kuyafagia. Alikula kidogo na kuongea na waliomtembelea, lakini hakwenda shambani, mnadani wala kanisani. Mchungaji alikuja akamweleza kwa upole kwamba mbele ya Mungu maombolezo yameshakwisha. Mama akamjibu, "Mungu nimeshamalizana naye, baba mchungaji. Bado watani."

Ninampenda mama yangu kwa mambo mengi, lakini kwa jibu lile ninajivuna kabisa.

Kaka hakumgombeza, wala mama hakumgombeza kaka. Hakumtaja kabisa. Kaka akija kumwona, mama anampokea salamu, anamuuliza habari za watoto, kisha anatazama majivu. Kaka alikuwa anatoka pale amelowa jasho. Nilimwambia, "Sema kitu," naye akanijibu kwamba angependa apigwe makofi, yangekwisha.

Miezi ikasogea. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki kila alasiri na kutawanyika. Majirani wakaanza kupanda mtama na uwele kavukavu, kama tunavyofanya huku, ili mvua ya kwanza ikinyesha ikute mbegu ziko chini. Mvua za kwetu si za kuzichezea. Ukizikosa zile za mwanzo unaweza kula mahindi ya kununua mwaka mzima. Shamba la mama lilikuwa limesimama na mabua ya mwaka uliopita. Tukamwambia tutamlimia sisi, tutaweka vibarua. Akasema shamba ni lake na mumewe, halipandwi na vibarua yeye akiwa hai amekaa kwenye mkeka. Alikuwa anaisha. Mikono iliyokuwa haitulii ilikuwa imelala mapajani, na jioni alianza kuongea na baba kwa sauti ya chini. Mimi niliogopa kwamba mvua zitakuja na kuondoka, na mama naye ataondoka hivyo hivyo, amekaa.

Kaka akafanya jambo ambalo ni kosa la mtu mwema. Alinunua beberu mzuri, akavaa shati safi, akavuka korongo kwenda kuomba msamaha. Nilikwenda naye. Alipofika mbele ya yule mtani alishusha kichwa, akasema, "Mama, nilikukosea sana. Naomba unisamehe." Alimaanisha kila neno. Kaka yangu si mtu wa kuomba radhi. Nadhani hata mkewe hajawahi kuisikia.

Mtani alimtazama kwa huruma. Akasema, "Mwanangu, ukiniomba msamaha, basi wewe na mimi tumegombana. Mimi sijawahi kugombana na ukoo wenu. Wala babu yangu hakugombana nao. Rudi na mbuzi wako." Akatuletea maji ya kunywa kwenye glasi, juu ya sinia.

Tukarudi na beberu. Njia nzima kaka alikuwa anamvuta kamba na beberu anagoma, na mimi nilikuwa nafikiri. Nilikuwa nimeelewa kitu ambacho yeye, kwa majuto yake, hakuweza kukielewa. Msamaha wa dhati ulikuwa unaifanya hasira yake iwe ya dhati. Watani hawakuwa na pa kuuweka msamaha wa namna hiyo.

Jumatano moja niliwaachia wanafunzi wangu zoezi refu, nikapanda basi nikaenda kijijini, na sikupita kwa mama. Nilikwenda moja kwa moja ng'ambo. Nilimkuta mtani anatwanga. Alisimamisha mchi, akaanza, "Karibu, mwalimu, habari za..."

"Nyamaza," nikamwambia kwa Kigogo. "Nasikia siku hizi mna adabu. Mmeipata wapi? Au mmeiiba kwa watu mkajua haina mwenyewe?"

Akauegemeza mchi kwenye kinu. Mimi nina ulimi, hilo naweza kulisema bila kuona haya. Darasani kwangu hata vijana wa kidato cha nne hukaa sawa. Nikamwambia kanga yake ile aliyovaa ndiyo aliyofungia ndoa, na kwamba hata bwana harusi alimchukua kwa kuwa giza lilikuwa limeingia. Nikaingia jikoni kwake, nikafunua chungu, nikaonja, nikatema nje ya mlango. Nikasema sasa nimeelewa kwa nini watu wa ukoo wao wanakimbilia misiba ya wenzao. Nilikuwa naogopa, kwa sababu angeweza kunijibu pole. Angenijibu pole ningekuwa nimewatukana watu wazima nyumbani kwao, kweli kweli, na yangekuwa yamekwisha.

Aliendelea kunitazama. Mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja. Akaushikilia. Akachukua mchi akatwanga mara kadhaa kwa nguvu, kisha akasema bila kuniangalia, kwa Kigogo, "Mwambie kaka yako afe."

"Afe?"

"Afe kwanza. Akifa tutakuja. Sisi si watu wa misiba?"

Nilirudi mjini na basi la jioni nikiwa na furaha kiasi kwamba abiria mwenzangu aliniuliza kama nimeposwa. Kaka nilimkuta sebuleni kwake anaangalia taarifa ya habari. Nikamwambia, "Inabidi ufe." Nikamweleza. Alipandwa na hasira pale pale, ile ya kwetu halisi. Alisimama, akasema yeye si katuni, ana watu wanaomheshimu, ana watoto, hawezi kulazwa chini achezewe kama mdoli. Akaitupa rimoti kwenye kochi, betri zikatoka. Nikamwambia sawa, kaa na heshima yako, mimi nakwenda kumtafutia mama sanda. Nikaondoka bila kunywa chai ya mkewe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa mama, nimekata tamaa kidogo, nilipoliona gari lake linakuja kwenye vumbi. Alishuka amevaa suruali ya ofisini na viatu vyake vyeusi. Hakunisemesha. Alipita mbele ya mama, akaenda mpaka katikati ya uwanja, karibu na yale majivu, akalala chali juu ya ardhi. Akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Sijui nani alipeleka habari ng'ambo, kwa sababu mimi sikwenda. Lakini muda si mrefu tulianza kusikia vilio. Ukoo mzima ulikuwa unavuka korongo, wanawake mbele wamejifunga vitenge viunoni, wanaume nyuma wamebeba majembe, wote wanalia kwa sauti kubwa ya uongo mtupu. "Bosi wetu! Bosi wetu katuacha! Gari nani ataendesha?" Majirani wakatoka. Watoto wakapanda juu ya zizi. Watani wakamzunguka kaka, wakamfunika kanga yenye maua, wakamfunga vidole gumba vya miguu pamoja juu ya viatu, na mmoja akamwagia unga usoni akisema anampaka poda maana marehemu alipenda kupendeza.

Kisha yule mtani mwenye sauti ya kukwaruza akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma kwenye kiganja chake. Akasema marehemu alizaliwa akiwa amekasirika, mkunga akamwomba radhi. Akasema alisoma sana mpaka akasahau njia ya nyumbani, ikawa anaikumbuka siku za Krismasi tu na siku za kuchukua karanga. Akasema tumbo lile halikuwa lake, ni la umma. Watu walikuwa hawajiwezi. Mimi nilikuwa natazama mikono ya kaka kifuani, nikaona inakaza ngumi na kulegea.

Halafu mtani akashusha sauti. Akasema, "Na baba yake alipokuwa anaumwa, marehemu huyu alikuwa anakuja. Alikuja leo, alikuja kesho, alikuja keshokutwa. Amekuja mpaka mzee akachoka kumsubiri, akatangulia."

Kicheko kikakatika. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulisema hilo, hata kwa mzaha, hata tukiwa wenyewe. Tulikuwa tumelizunguka tangu siku ya mazishi. Nilimwona mama ameinua kichwa. Nikajua ndipo hapa. Kaka akiinuka sasa, akimshika mtani huyu mara ya pili, tumewapoteza watani wetu na watoto wetu watazikana wenyewe, na mama hatainuka.

Kaka hakuinuka. Machozi yalitoka pembeni mwa macho yaliyofumbwa, yakachora njia mbili kwenye unga mpaka masikioni.  Kisha, bado amefumba macho, maiti ikasema kwa Kigogo, kwa sauti iliyokatikakatika, "Ni kweli nilichelewa kwa baba. Nyie je? Kwenye wali wa msiba mmewahi kuchelewa?"

Sauti iliyopanda pale uwanjani nadhani ilisikika hadi mnadani. Watani walipiga vigelegele, wakajitupa chini, wazee wao wakagonga majembe. Yule mtani alijishika magoti akicheka, naye alikuwa analia, machozi ya kweli safari hii. Mimi nilimwona kaka yangu akihitimu, nilimwona akila kiapo cha kazi, nilimwona akishuka pamoja na mgeni mkubwa kwenye gari lenye bendera. Siku zote hizo nilipiga makofi kama dada mwingine yeyote. Sikuwahi kujivunia mtu wa damu yangu kama nilivyomjivunia akiwa amelala pale kwenye vumbi, na unga usoni.

Mtani akachukua ufagio. Wakafagia majivu wote kwa pamoja, wakigombania, wakitukana usafi wetu, wakayazoa kwenye ungo wakaenda kuyamwaga korongoni. Waliporudi, yule mtani akasimama mbele ya mama yangu, mikono kiunoni. "Na wewe mjane mvivu, umekaa hapo miezi yote unatunza makalio. Shamba lako limekuwa choo cha mbuzi wetu. Simama!"

"Nimekaa kwa sababu nyie mna uvivu wa kufagia," mama akajibu. Akaweka mikono chini kujiinua, lakini miguu ilikataa. Alikuwa amekaa sana. Akajaribu tena, akayumba.

Kaka akafumbua macho, akasimama kwa haraka, vidole bado vimefungwa, akaruka kama chura kumfuata mama huku kanga ya maua inamdondoka. Watani wakapiga kelele, "Maiti, lala! Hatujakuzika! Maiti, rudi chini!" Wawili wakamshika mashati.

"Mwacheni afufuke," mama akasema. "Nani atanipandia?"

Tulikwenda shambani wakati ule ule, bila kubadili nguo. Kaka alikunja suruali, akashika jembe akawa anachimba mashimo, mama anafuata nyuma yake polepole, anadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Watani walikuwa pande zote wakitupandia mistari mingine na kutupa lawama. Yule mtani mkuu alitembea sambamba na kaka, akainama, akafumba jicho moja kupima mstari wake, akatangaza kwamba umepinda.

Kaka akasimama. Akanyoosha mgongo, akamtazama, unga umegandamana na jasho usoni. Kisha akainama akaendelea kuchimba, akiupindisha mstari zaidi, moja kwa moja kuelekea miguu ya mtani, mpaka mtani akaruka pembeni. Mama alikuwa anacheka nyuma yake, na mbegu zilikuwa zinamponyoka mkononi.